Wanataka Kibanja cha Marehemu Baba Wajenge Nyumba za Gharama Nafuu



Mimi ni mkazi wa kata ya Bukiriro, wilayani Ngara, baba wa watoto wanne. Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita akatuachia kibanja cha ekari nne chenye migomba na kahawa. Mama yetu anaishi humo mpaka leo. Mirathi hatukufungua, tuliona hakuna cha kugombania.

Mwaka huu walikuja watu wa kampuni moja wakifuatana na mjumbe wa serikali ya kijiji. Walisema wana ubia na serikali, watapima viwanja na kujenga nyumba za gharama nafuu, kwa sababu mji unakuja huku kwetu: kuna mpaka wa Rusumo, kuna umeme, kuna nikeli. Wanataka kibanja chetu chote. Watatupa viwanja viwili vilivyopimwa, shilingi milioni sita, na nafasi ya kwanza ya kununua nyumba zitakapokamilika. Kaka yangu aliyeko Mwanza anasema tusichelewe, tutabaki tunachezea bahati. Mama amekataa kabisa, hataki hata kuwasikia.

Mimi nilipokea kishika uchumba cha shilingi laki tano na nikasaini karatasi, ambayo nakala yake sikupewa. Hela hiyo nimelipia ada ya chuo ya binti yangu. Mama hajui. Siku hizi nikienda kumsalimu nashindwa kumtazama usoni. Je, ndiyo nimekwisha uza? Na kama serikali yenyewe imo katika jambo hili, kweli tunaweza kukataa?

Mwana wa Bukiriro


Mwanangu,

Swali lako la kwanza nalijibu kabla ya yote, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hujauza. Kibanja cha marehemu ambaye mirathi yake haijafunguliwa hakina mtu mwenye mamlaka ya kukiuza, si wewe, si kaka yako wa Mwanza, wala si mama yenu peke yake. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na mahakama, na hata yeye hutenda kwa niaba ya warithi wote. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa haki ya kimila upate idhini ya halmashauri ya kijiji, na usipopata hauna nguvu. Kwa hiyo ile karatasi, hata wakiiwekea mihuri mingapi, inachothibitisha ni kwamba unadaiwa laki tano.

Lakini usilale. Karatasi usiyo na nakala yake inaweza kusemeshwa lolote. Leo ni kishika uchumba, kesho itaonyeshwa kwenye kikao kama ushahidi kwamba familia yenu imeridhia, na kesho kutwa jirani yako ataambiwa asijisumbue kukataa kwa kuwa hata kwa marehemu fulani wamekwisha saini. Ndiyo maana kampuni za namna hii hupenda kuanza na mtoto mmoja mwenye shida ya ada kuliko kuanza na mkutano.

Basi la kwanza ni mama yako. Nenda umwambie. Usimtume shangazi yako wala mchungaji akutangulie. Kaa naye mwenyewe, umweleze ulipokea kiasi gani, lini, na hela ilikwenda wapi. Ada ya mjukuu wake si ulevi, atakuelewa mapema kuliko unavyodhani, ila atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Nakusihi ufanye hivyo kabla hujamwona mwanasheria, mtendaji au mtu mwingine yeyote, kwa sababu katika yote nitakayokueleza hapa chini mama ndiye nguzo ya familia yenu. Akiambiwa na watu wa kampuni kwamba mwanawe amekwisha pokea hela, mtagawanyika, na familia iliyogawanyika haijadiliani na mwekezaji, inachukuliwa mmoja mmoja.

Laki tano zirudi. Kaka yako anayesema msichelewe achangie, na ndugu wengine kama wapo. Mkikosa zote kwa mara moja, iandikieni kampuni barua kwamba fedha zilipokelewa na mtu asiye na mamlaka, kwamba familia haijauza, na kwamba zitarejeshwa kwa tarehe fulani. Mzirejeshe kwa benki au kwa simu ili ibaki kumbukumbu, na nakala ya barua ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji, aigongee muhuri wa kupokea. Katika barua hiyo hiyo daini nakala ya karatasi uliyosaini.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zito, na ambalo wasomaji wengine wa vijijini na wa pembezoni mwa miji wameniuliza kwa namna nyingi.

Mtu akikwambia "tuna ubia na serikali," mwulize serikali ipi, na imetoa nini. Serikali inaweza kuwa ndani ya mradi wa nyumba kwa njia zinazotofautiana sana. Inaweza kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Hapo kukataa ni vigumu kweli, lakini mna haki ya fidia inayopigiwa hesabu na mthamini aliyesajiliwa: thamani ya soko ya ardhi, mazao na majengo, pamoja na posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na riba kama malipo yatachelewa zaidi ya miezi sita. Au halmashauri ya wilaya inaweza kuwa imekubaliana na kampuni ipange na kupima eneo kwa gharama zake, kisha kampuni irudishe fedha zake kwa kuuza sehemu ya viwanja. Hapo hakuna kutwaa. Wenye ardhi wanatakiwa kukubali, na mgawo wao ni jambo la kujadiliwa. Na iko hali ya tatu, ambayo kwa mtazamo wangu ndiyo inayowapata watu wengi: kampuni imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, imepeleka barua ya kujitambulisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikagongewa muhuri wa "imepokelewa," na sasa inatembea na muhuri huo vijijini ikiuita ubia.

Kwa maelezo yako siwezi kujua ni ipi kati ya hizo. Ila kuna alama moja inayonifanya nishuke upande wa shaka. Kama serikali ingekuwa inatwaa ardhi, msingepewa kishika uchumba. Angekuja mthamini na fomu zake. Na kama ungekuwa mpango wa halmashauri, mngeusikia kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ardhi ya kijiji ikihamishwa kwenda ardhi ya jumla, eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na waziri ndiye anayeamua. Tena uhamisho haufanyiki mpaka aina, kiasi na muda wa fidia vikubaliwe. Mjumbe mmoja aliyefuatana na wageni hawezi kuwa badala ya mkutano mkuu. Nendeni ofisi ya kijiji mkaombe muhtasari wa mkutano uliojadili mradi huu, pamoja na orodha ya waliohudhuria. Kama upo, usomeni. Kama haupo, mmepata jibu lenu.

Na swali hili la "serikali imetoa nini" lina uzito wa pekee kwenye nyumba za gharama nafuu. Nyumba haiwi ya bei ndogo kwa sababu mwendelezaji ana moyo mwema. Anakopa benki, ananunua saruji na nondo kwa bei ile ile wanayonunua wengine, na lazima apate faida. Bei inashuka pale tu ambapo mtu mwingine amebeba sehemu ya gharama: ametoa ardhi bure au kwa bei ya chini, amechonga barabara, amevuta maji na umeme, amesamehe kodi, au amehakikisha wanunuzi wapo. Huyo mtu mwingine kwa kawaida ni serikali. Asipokuwa serikali, basi ni yule aliyenyang'anywa ardhi kwa bei ya kutupa. Hapa ndipo penye hofu yangu kwenu.

Tazama historia yetu wenyewe. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, liliundwa mwaka 1962, na katika miaka yake ya mwanzo, kwa fedha za serikali, lilibomoa vibanda Dar es Salaam na kujenga nyumba za kupangisha watu wa kipato kidogo. Fedha zilipokauka, ujenzi ukapungua. Mwaka 1990 shirika likaunganishwa na Msajili wa Majumba na kutakiwa lijiendeshe kibiashara. Tangu hapo, hata lilipokwenda wilayani kujenga nyumba lilizoziita za gharama nafuu, lililazimika mara nyingi kulipia lenyewe ardhi, barabara na maji, kisha gharama hizo zikaingia kwenye bei ya nyumba. Wananchi wakalalamika kwamba ni ghali, na shirika likajibu kwamba miundombinu haikujengwa na waliotakiwa kuijenga. Wote walikuwa wakisema kweli. Benki ya Nyumba, ambayo ingemkopesha mtu wa kawaida, ilikwisha fungwa mwaka 1995.

Serikali haikukaa tu. Mwaka 2010 ilianzishwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki ili nazo zitoe mikopo ya nyumba ya muda mrefu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikasamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa nyumba mpya za makazi zinazouzwa na waendelezaji kwa bei isiyozidi shilingi milioni 50. Ni hatua nzuri, naipongeza. Lakini hebu tuipigie hesabu hiyo milioni 50 mkiwa Bukiriro. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikienda kati ya asilimia 15 na 19. Chukua ile ya chini, asilimia 15, kwa miaka 15: utalipa karibu shilingi 700,000 kila mwezi, na mwisho wa safari utakuwa umelipa kama milioni 126. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mtumishi wa kima hicho akitoa mshahara wake wote, bado hafiki. Mama yako mwenye kahawa inayolipwa msimu kwa msimu, benki haitamfungulia hata faili.

Kwa hiyo ile "nafasi ya kwanza ya kununua nyumba" mliyoahidiwa, ondoeni kabisa kwenye mizani. Ni ahadi ya kumruhusu mama yenu anunue kitu asichoweza kukinunua, juu ya ardhi iliyokuwa yake.

Jirani zetu wa Kenya wamechukua njia nyingine: Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, na fedha hizo ndizo zinazogharimia ujenzi unaofanywa na wakandarasi binafsi. Wafanyakazi wengi wameipinga, na mahakama iliwahi kuitupa tozo ya kwanza mwaka 2023 kabla haijarudi kwa sheria mpya. Mimi sisemi tuwaige. Ninachokuonyesha ni kwamba kule kuna mfuko unaoonekana, unaweza kuuhoji bungeni na mahakamani. Hapa kwetu hakuna tozo ya namna hiyo, kwa hiyo kampuni ikisema nyumba zitakuwa za bei ndogo, dai uonyeshwe nani anayelipa tofauti. Wasipoweza kuonyesha, tofauti hiyo ni kibanja chenu.

Tukipigie hesabu na kibanja chenyewe. Ekari nne ni kama mita za mraba 16,000. Toa theluthi moja kwa barabara na maeneo ya wazi, zinabaki karibu 10,700. Gawa kwa viwanja vya mita za mraba 500, unapata viwanja 21. Ninyi mnapewa viwili. Kumi na tisa vinakwenda kwa kampuni, pamoja na vya majirani zenu watakaopewa mgawo kama huo. Milioni sita mnazoongezewa zitarudi kwao watakapouza vichache vya mwanzo.

Watakwambia kwamba wao ndio wanaoleta fedha, ninyi mmeleta ardhi tu. Usikubali lugha hiyo ikuingie. Katika meza za wakubwa, anayeleta ardhi anahesabiwa kuwa ameleta mtaji. NHC inapoingia ubia na wafanyabiashara, na sera yake ya ubia ilizinduliwa upya mwaka 2022, mchango wake mkubwa huwa ni kiwanja, na mgawo wake katika jengo unaandikwa kabla ya tofali la kwanza. Pale Dege, Kigamboni, Dar es Salaam, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa NSSF ulipoingia ubia na kampuni binafsi kujenga nyumba zaidi ya 7,000, mbia binafsi alileta ardhi ikahesabiwa kuwa sehemu ya hisa zake, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika ripoti iliyotoka mwaka 2016, alihoji ardhi hiyo kuthaminiwa shilingi milioni 800 kwa ekari. Ujenzi ukasimama mwaka huo huo na maghorofa yakabaki magofu mapya. Bukiriro si Kigamboni, najua, na bei ile ilikuwa na walakini wake. Lakini angalia jinsi kanuni inavyogeuka kufuatana na nani ameketi mezani: mwenye nguvu akileta ardhi anaitwa mbia, mkulima akileta ardhi anaitwa muuzaji, analipwa na kuondoka.

Mfano ulio karibu zaidi nanyi uko wilayani kwenu. Mwaka 2021 serikali ilipotia saini mkataba wa nikeli ya Kabanga, ilipata asilimia 16 ya hisa bila kuchangia fedha za mtaji, kwa sababu Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inataka nchi isipungukiwe na hisa hizo katika kilicho ardhini mwake. Hoja iliyoifaa nchi mbele ya wawekezaji wa kigeni inamfaa na mama yako mbele ya kampuni hii. Mwenye udongo ana fungu katika kitakachotoka juu yake.

Nisieleweke vibaya. Sipingi mji kuja Ngara. Eneo lililopangwa na kupimwa ni neema: barabara inapitika, gari la wagonjwa linafika, bomba la maji lina pa kupita, mtoto anarithi hati badala ya ugomvi. Watu wetu wengi wanajenga kidogo kidogo, tofali za kuchoma mwaka huu, bati mwaka kesho, na kwao msaada mkubwa kuliko nyumba ya milioni 50 ni kiwanja kilichopimwa na barabara ya kukifikia. Kama halmashauri haina fedha za upimaji, si dhambi kutumia kampuni binafsi. Lakini tumekwisha ona kwenye urasimishaji wa makazi mijini ilivyokuwa: wananchi walichangishwa mitaa kwa mitaa, serikali ikaweka hata ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, na bado ziko kampuni zilizochukua fedha zikaacha kazi nusu, mpaka mawaziri wa ardhi, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanazitaja hadharani na kuzipa makataa. Aliyelipa hakuwa na mkataba na kampuni. Mkataba ulikuwa wa kamati, halmashauri na kampuni, yeye alikuwa na risiti tu, na wengine hata risiti hawakuwa nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa wanaotaka mhame kwanza halafu nyumba zije baadaye, wakumbusheni Magomeni Kota. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kaya 644 ziliondolewa na nyumba zao za zamani zikabomolewa kupisha ujenzi mpya. Mpango wa kwanza haukujenga kitu. Uwanja ukakaa mtupu, watu wakatawanyika kwenye nyumba za kupanga, na wazee kadhaa walifariki wakisubiri. Ni baada ya Rais Magufuli kwenda pale mwaka 2016 na kuagiza Wakala wa Majengo ajenge kwa fedha za serikali ndipo kazi ikaanza, na funguo zilikabidhiwa na Rais Samia Machi 2022. Hao walikuwa katikati ya Dar es Salaam, jirani na ofisi zote za nchi, wakiwa na kamati yao na sauti kwenye magazeti, na bado iliwachukua miaka kumi. Fikiria familia moja ya Bukiriro ikisubiri hivyo.

Basi fanyeni hivi. Fungueni mirathi kwanza. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mpendekeze msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo. Ningeshauri msimamizi awe mama, au dada yenu kama yupo anayeishi karibu naye, si kaka wa Mwanza mwenye haraka, na kwa sasa si wewe. Usinichukie kwa hilo. Umeshika fedha za watu, na msimamizi lazima awe na mikono mitupu. Mkiwa na msimamizi, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kijijini ili mipaka yenu ijulikane kabla mtu mwingine hajaichora. Gharama za wakili zikiwashinda, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani kuhusu wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure.

Halafu, na si kabla, kampuni iitwe. Ije kwenye mkutano mkuu, mchana, ofisa ardhi wa wilaya akiwepo. Ionyeshe mkataba wake na halmashauri, usomwe kwa sauti. Ionyeshe namba za usajili za wapanga miji na wapimaji wake, na mchoro wa mipango uliokwisha kuidhinishwa, kwa sababu vigingi visivyo na mchoro ulioidhinishwa ni miti tu shambani. Iulizwe imejenga nyumba ngapi, wapi, na wenye ardhi wa huko waende wakatembelewe. Msione haya kutuma watu wawili kwa basi kwenda kuwaona. Nauli hiyo ni ndogo kuliko hasara.

Kama majibu yataridhisha, mnaweza kuingia, lakini kama wabia. Nyumba ya mama na migomba inayoizunguka ibaki nje ya mradi, hili lisijadiliwe. Katika sehemu iliyobaki, mgawo wenu uwe wa viwanja vyenyewe, kwa asilimia iliyoandikwa, na usiwe wa viwili kati ya ishirini na kimoja. Katika ubia wa namna hii nisingesaini kwa chini ya nusu ya viwanja vitakavyopatikana, maana kampuni inaleta gharama za upimaji, na gharama hizo hazifiki thamani ya ekari zenyewe. Hati zenu zitoke kwa majina yenu kabla kampuni haijauza kiwanja chake cha kwanza. Kuwe na tarehe: upimaji usipokamilika ndani ya muda huo, ardhi inarudi bila deni. Na neno "kuuza" lisionekane popote kwenye mkataba huo.

Kaka yako atasema masharti haya yataifukuza kampuni. Mwambie hivi: kampuni inayoweza kuishi tu kwa kuchukua viwanja kumi na tisa kati ya ishirini na kimoja haikuja kujenga nyumba za watu wa hali ya chini, ilikuja kununua ardhi rahisi karibu na mpaka, kabla bei haijapanda. Ikiondoka, kibanja kitakuwepo, na kila mwaka barabara na umeme vinavyosogea, thamani yake inapanda ikiwa mikononi mwenu. Kama kweli anaona mji unakuja, ndiyo sababu ya kungoja, si sababu ya kukimbilia.

Mwanangu, mimi nasimama na mama yako. Hakusoma sheria hizi, lakini alikataa kukitoa kibanja kwa watu ambao hawakuja na karatasi hata moja ya kumwachia, na alikuwa sahihi. Nenda kwake wiki hii umweleze kuhusu laki tano, kisha nendeni pamoja ofisi ya kijiji mkaidai nakala ya ulichosaini. Usitie saini nyingine yoyote mpaka mahakama imteue msimamizi. Wakikubali masharti yenu, ingieni ubia. Wakikataa, waache waende.